Chombo cha nyota ya jirani: kabla ya injini, ulizeni khabari itarudije

"Assalaam aleikum. Nasomesha fizikia katika skuli moja ya sekondari hapa Pemba. Klabu yetu ya sayansi ina vijana kumi na wawili wa kidato cha tatu, na kwa maonyesho ya mwakani wamechagua kupanga chombo kisicho na mtu cha kwenda nyota iliyo karibu kuliko zote baada ya Jua. Wamegawika. Kundi moja linataka roketi ya nyuklia, jengine linataka tanga linalosukumwa na leza, maana wameona video inayosema litafika kwa miaka 20. Mwenzangu wa hesabu anasema huko hakuna hewa, kwa hivyo roketi haina cha kusukuma na tanga halina upepo. Kijana mmoja ameuliza kwa nini tusirushie hapa hapa Zanzibar, tulio karibu na ikweta. Na wameshaanza kuchanga pesa waagize leza mtandaoni, wajaribu kusukuma foili ya jikoni. Tuchague injini ipi? Na je, ni busara kuwapangisha watoto safari ambayo huenda hata wao wasiuone mwisho wake?"

Wa aleikum salaam, Mwalimu. Umeniuliza mambo mengi kwa pamoja, na la dharura si la injini. Ni la leza. Basi tuanzie hapo hapo Pemba, huko mbali tutakwenda baadaye.

Zuia oda hiyo kama bado haijalipiwa. Leza ndogo za kijani za bei rahisi zina kasoro isiyoonekana. Rangi ya kijani hutengenezwa ndani yake kutokana na miale ya infraredi, na zile zisizotiwa kichujio huivujisha miale hiyo pamoja na kijani. Jicho haliioni, kwa hivyo kope hazifumbi. Utando wa nyuma ya jicho nao hauna hisia ya maumivu. Mtoto anaungua bila ya kujua, anakuja kushtuka siku ya pili akisoma, pale herufi ya katikati inapokuwa haipo. Kibandiko kinachosema leza ni ya miliwati 5 msikiamini, nyingi huzidi hapo mara kadhaa. Miwani ya jua si kinga. Na foili mnayotaka kuilenga ni kioo kilichokunjamana, itaitawanya miale darasa zima. Ikiwa kuna mtoto ameshapigwa na leza machoni na anaona doa au ukungu, usingoje kesho: mpeleke hospitali yenye daktari wa macho, na leza yenyewe ichukueni ili daktari ajue anashughulika na nini. Mkitaka kweli kufanya majaribio ya leza, yafanyeni ndani ya maabara ya chuo, kwa mfano Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), mkiwa na mtu mwenye miwani maalumu ya leza hiyo hiyo. Si kwa maelezo yangu ya maandishi.

Tena jaribio lenyewe lingewadanganya. Leza ya miliwati 5 ikigonga kioo kamili inasukuma kwa nyutoni 0.00000000003. Hakuna foili ya jikoni itakayoijua nguvu hiyo. Mkitumia leza kubwa zaidi na foili ikatikisika, kilichoitikisa ni hewa iliyopata moto pembeni yake. Mimi nilipokuwa mwanafunzi nilishangilia matokeo kama hayo kwa wiki nzima, mpaka fundi wa maabara akaja akafungua dirisha.

Sasa mwenzako wa hesabu. Mwombe asimame ndani ya mtumbwi uliotulia, awe na rundo la nazi, azirushe moja moja nyuma kwa nguvu zake zote. Mtumbwi utakwenda mbele, na hakuna alichokisukuma isipokuwa nazi. Roketi ndiyo hiyo: inatupa moshi wake nyuma, yenyewe inakwenda mbele, na hewa ni kizuizi tu. Ama tanga, upepo wake ni nuru. Nuru haina uzito lakini ina msukumo, na hili si nadharia ya vitabuni: mwaka 2010 Japani ilirusha IKAROS, tanga jembamba la mraba lenye karibu mita 14 kila upande, likasukumwa na nuru ya Jua likiwa njiani kuelekea Zuhura.

Kijana wa ikweta ana akili, usimvunje moyo. Jirani zetu wa Malindi ya Kenya waliona jambo hilo likifanyika: kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco lililosimama baharini, satelaiti ya Uhuru ilirushwa tarehe 12 Disemba 1970, ya kwanza duniani iliyotengwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Faida ya ikweta ni kuwa Dunia inakupa msukumo wa bure wa mita 460 kwa sekunde. Kwa satelaiti hiyo ni mali. Kwa safari yenu, inayotaka maelfu ya kilomita kwa sekunde, ni sawa na kumpulizia nahodha tanga kwa mdomo. Na kama mtachagua leza, kituo chake kinataka jangwa la juu mlimani lenye hewa kavu, kusini sana, ambako nyota hiyo hupanda karibu na utosi. Kwetu haivuki nyuzi 35 juu ya upeo, na hewa yetu mnaijua ilivyo na maji.

Tuje kwenye umbali. Nyota mnayoitaka ni Proxima Centauri, nyota ndogo nyekundu aliyoigundua Robert Innes akiwa Johannesburg mwaka 1915. Iko miaka ya nuru 4.24 kutoka kwetu, yaani kilomita trilioni 40. Voyager 1, chombo cha Wamarekani, iliyoondoka Septemba 1977, inakwenda kilomita 17 kwa sekunde. Kwa mwendo huo mtu angetoka Mkoani, Pemba, akafika mjini Unguja kwa sekunde sita. Hata hivyo, kama ingekuwa imeelekea Proxima, ingehitaji miaka 75,000. Msikubali mtu awaambie dawa ni kuongeza mafuta. Moshi wa roketi za kawaida hutoka kwa kilomita 4.5 kwa sekunde hivi, na ukiitumia kanuni ya roketi aliyoichapisha Mrusi Tsiolkovsky mwaka 1903 kutafuta mafuta ya kufikia asilimia 10 ya kasi ya nuru, jibu linapita idadi ya atomu zote za ulimwengu unaoonekana. Wape vijana wafanye hesabu hiyo kwa logi. Ni hesabu ya mistari mitatu, na inafundisha kuliko hotuba yoyote.

Kwa hivyo mnabaki na njia mbili mlizozitaja, na zote mbili zimepigiwa hesabu na watu wazito.

Ya nyuklia ilichorwa vizuri kuliko zote na wataalamu wa chama cha Uingereza, British Interplanetary Society, kati ya 1973 na 1978. Waliiita Daedalus. Lengo lao lilikuwa nyota ya Barnard, karibu miaka 6 ya nuru, kwa asilimia 12 ya kasi ya nuru, kwa hivyo safari ya karibu miaka 50. Chombo kilikuwa na uzito wa tani 54,000, na tani 50,000 kati ya hizo ni mafuta. Sehemu ya mafuta hayo ni heliamu-3, adimu sana duniani, kwa hivyo walipanga kwenda kuichota katika hewa ya sayari ya Mshtarii. Punje za mafuta zingelipuliwa 250 kila sekunde. Mlinganishe na tulipofika: tarehe 5 Disemba 2022, maabara ya California ililipua punje moja kwa leza za megajuli 2.05 ikapata megajuli 3.15. Ilikuwa siku kubwa, nami nilifurahi. Lakini punje moja si 250 kwa sekunde, na jengo lile haliwezi kuruka.

Ya tanga ndiyo ya video yenu. Tarehe 12 Aprili 2016, New York, tajiri Yuri Milner na mwanafizikia Stephen Hawking walitangaza Breakthrough Starshot, kwa ahadi ya dola milioni 100 za utafiti. Fikra yake ni kuiacha injini nyumbani. Chombo ni kipande cha elektroniki cha gramu moja hivi, kimefungwa kwenye tanga la mita chache, na leza za ardhini zenye jumla ya gigawati 100 zinakipiga kwa dakika kadhaa mpaka kifikie asilimia 20 ya kasi ya nuru, kilomita 60,000 kwa sekunde. Zile sekunde sita za Mkoani na Unguja, hiki kinatoka Dunia mpaka Mwezini. Miaka 20 ya video ni kweli, ila ni miaka ya njiani. Haihesabu muda wa kujenga, wala miaka 4 na ushei ya khabari kurudi.

Gharama ya mwendo huo vijana wataielewa kwa yuniti za umeme. Kuifikisha gramu moja kwenye kasi hiyo kunataka nishati ya yuniti 500,000. Nyumba inayotumia yuniti 100 kwa mwezi ingekula umeme huo kwa zaidi ya miaka 400, na hapo bado hatujahesabu unaopotea ndani ya leza, ambao ni mwingi zaidi. Waya wa chini ya bahari unaoleta umeme Unguja kutoka Bara, Ras Kiromoni mpaka Fumba, uliowashwa mwaka 2013, una uwezo wa megawati 100. Gigawati 100 ni nyaya elfu moja kama huo. Na nguvu yote hiyo ikigonga tanga inasukuma kwa nyutoni 667 tu, uzito wa mtu mzima wa kilo 68. Mtu wa kilo 68 hana ajabu, mpaka umkalishe juu ya kitu cha gramu mbili, chombo pamoja na tanga lake.

Tanga lenyewe ndipo mafundi wanapokosa usingizi. Likinyonya sehemu moja tu katika laki moja ya nuru inayolipiga, hiyo ni megawati nzima ya joto juu ya kitambaa chembamba kuliko jani la mkarafuu. Likipinda kidogo, linateleza nje ya mwale kama ngalawa iliyokosa mrengu. Na njiani kuna vumbi. Punje ya mikrogramu moja kwa kasi hiyo inagonga kwa nishati ya gari la tani moja linalokwenda kilomita 216 kwa saa. Nyingi za vumbi la kati ya nyota ni ndogo mno kuliko hiyo, alhamdulillah, lakini safari ni ndefu na hakuna wa kuziba tundu.

Sikufichi, mimi ni mtu wa tanga. Kwa roketi ya Daedalus mnahitaji kwanza ustaarabu unaochimba hewa ya Mshtarii. Kwa tanga mnahitaji leza kubwa, nyenzo bora na pesa, na vyote vitatu hupatikana kidogo kidogo hapa hapa ardhini. Leza inaweza pia kutumika tena, ikarusha vipande mia, vikipotea tisini hujafilisika. Ila lina aibu moja kubwa: halina breki. Proxima ina sayari iliyotangazwa mwaka 2016, Proxima b, yenye uzito angalau kama ule wa Dunia, inayoizunguka nyota yake kwa siku 11.2. Kutoka sayari hiyo hadi nyota yake ni kilomita milioni 7.3 hivi, na chombo chenu kitaikata masafa hiyo kwa dakika mbili. Kikipita jirani na sayari yenye upana wa Dunia, kitaimaliza kwa sehemu mbili za kumi za sekunde. Mwaka 2017 wanasayansi René Heller na Michael Hippke walipiga hesabu ya kufunga breki kwa nuru ya nyota zenyewe za Alpha Centauri, jirani za Proxima. Inawezekana kwenye karatasi, kwa tanga kubwa sana na safari ya polepole ya karibu karne moja.

Hapa ndipo ninapotaka kukukamata mkono, Mwalimu. Makundi yako mawili yanagombana kuhusu namna ya kwenda, na sijaona kundi la kurudi. Chombo hiki hakiendi kukaa. Kazi yake yote ni khabari. Baharia akifika bandari asiyoijua mtu, akafa huko bila ya barua, waliobaki pwani wana kitu gani walichokipata? Kwa hivyo mpango uanzie kwenye barua, kisha urudi nyuma mpaka kwenye injini.

Barua yenyewe ni ngumu kuliko tanga. Nuru hutumia karibu siku nzima kutufikia kutoka Voyager 1, ambayo ina mtambo wa redio wa wati 23 hivi na antena ya mita 3.7, na tunaisikia kwa antena za mita 70. Proxima iko mbali mara 1,550 zaidi ya siku moja ya nuru. Na ishara haififii mara 1,550. Karabai ya mvuvi ukiisogeza mara mbili ya umbali, mwanga unaokufikia ni robo, kwa sababu umetandaa juu ya eneo mara nne. Kwa hiyo piga 1,550 kwa 1,550: ishara dhaifu mara milioni 2.4, kutoka kwenye kitu cha gramu moja badala ya chombo chenye uzito wa gari.

Redio basi haifai, tunabaki na leza ndogo ndani ya chombo. Tuseme tumepata ya wati moja, na tanga lenyewe limegeuzwa kuwa kioo cha mita 4 cha kuelekeza mwale. Kioo hicho kikiwa kamili, bila ya kunyanzi hata moja, mwale wake ukifika kwetu utakuwa umetanuka kwa upana wa kilomita milioni 10. Kwenye kila mita ya mraba itaanguka fotoni moja, yaani punje moja ya nuru, kila sekunde 16. Darubini kubwa inayojengwa Chile, yenye kioo cha mita 39, ingekusanya kama fotoni 60 kwa sekunde, kabla ya hasara yoyote, na ingelazimika kuzitambua pembeni ya nyota inayomwaga nuru yake yote mahali hapo hapo. Kisha chombo kiwe na pa kulenga: ukiwa huko, Jua letu ni nyota ya kawaida tu ndani ya kundi la Cassiopeia. Na wati moja hiyo itoke kwenye betri gani ya gramu moja, iliyolala miaka 20 kwenye baridi? Hilo bado halina jibu, na ndiyo sababu ninalipenda liwe mikononi mwa watoto wa miaka kumi na sita.

Ushauri wangu basi: wagawe makundi matatu, la tatu liwe la barua, na lipewe haki ya kuwakatalia mengine mawili. Likisema halisikii kitu kwa gramu moja, kundi la tanga liongeze uzito, lipunguze kasi, lipige hesabu upya. Mkifika mahali mkaona namba zinagoma, andikeni kuwa zimegoma na kwa kiasi gani. Mimi nikiwa jaji wa maonyesho, mradi unaosema "tumekwama hapa, kwa mara elfu" ningeupa alama zaidi ya ule wenye mfano wa plastiki uliopakwa rangi ya fedha.

Kuna swali litakuja tu, na ni vizuri mjue lina jina. Mtu atasema: mkiondoka leo na chombo cha polepole, si mtapitwa njiani na cha kesho? Ni kweli. Jahazi likitoka Wete alfajiri na mzigo wake, boti ya mchana huliacha nyuma na abiria wakapunga mkono. Andrew Kennedy aliandika hesabu ya jambo hilo mwaka 2006, kwa jina la hesabu ya kungoja: ikiwa kasi ya vyombo inaendelea kukua, kuna wakati ambao kungoja kunakufikisha mapema kuliko kuondoka, na baada ya wakati huo kungoja ni hasara. Lakini boti hiyo haijengwi na watu waliokaa pwani wakiingojea, na hapo ndipo ninapoachana na wanaoitumia hesabu hii kama kisingizio.

Sasa lile la mwisho, la watoto kutouona mwisho. Sitakuambia kwamba wataona. Hakuna chombo cha aina hii kilichoanza kujengwa, na mwenye kukupa tarehe anakuuzia kitu. Ninachokijua ni cha Voyager. Ed Stone alikuwa mwanasayansi mkuu wa safari hiyo kuanzia 1972 mpaka 2022. Miaka hamsini, mtu mmoja, na bado chombo kikaendelea baada yake. Novemba 2023 kipande cha kumbukumbu ndani ya kompyuta ya Voyager 1 kilikufa, ikawa inatuma vitu visivyosomeka. Wahandisi walirudi kwenye nyaraka zilizoandikwa miongo mingi iliyopita, wakajua kila sehemu ya programu inakaa wapi, wakaihamisha kutoka huku, siku nzima kwenda na siku nzima kurudi kwa kila agizo, na Aprili 2024 ikasomeka tena. Walioandika zile kurasa, wengi hawakujua nani atazifungua. Kwa hivyo sharti langu kwa klabu ni daftari moja gumu, hesabu zote humo, pamoja na zilizokosewa, kwa mwandiko ambao kidato cha tatu cha mwaka unaofuata wataweza kuusoma.

Kabla ya hayo yote watoeni nje. Mwishoni mwa Juni, masika yakiwa yamekwisha na kusi imeshika, tafuteni pwani inayotazama kusini, saa tatu usiku, mbali na taa. Mtaona nyota mbili zinazong'aa jirani, na kuliani kwao msalaba mdogo wa nyota nne. Ile ya kushoto, iliyo mbali zaidi na msalaba na yenye umanjano kidogo, ndiyo Alpha Centauri, ambayo jina lake jengine, Rigil Kentaurus, limetoka kwenye Kiarabu: rijl, mguu. Nyooshea mkono upeo, panga ngumi moja juu ya nyengine, itakuja kwenye ngumi tatu na nusu. Proxima iko pale pale pembeni, lakini kwa macho hamtaiona, wala kwa darubini ya mvuvi. Mkikuta wingu rudini usiku wa pili, wiki nzima itakuwa pale pale.